Barua ya wazi kuhusu kausha damu: pimeni fedha inayomtoka mkopaji, msipime riba peke yake

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Waziri wa Fedha,
Mawaziri wa Nchi wanaohusika na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Utumishi,
na Wakurugenzi wa Halmashauri.

Waheshimiwa,

Tunaandika sisi tunaoshika vitabu vya vikundi vya kuweka na kukopa. Kazi hiyo inatuletea mezani mikataba ya mikopo ya watu wengi, mara chache kabla ya kutiwa sahihi, mara nyingi baada ya maji kumwagika. Jambo letu ni moja. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mmewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasioruhusiwa kupokea amana, kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kikomo hicho kinashika mstari mmoja wa mkataba na kuiachia mistari mingine yote ifanye itakavyo. Ndiyo maana kausha damu, yaani ukopeshaji wa mtaani unaomkamua mkopaji, haijaisha, na ndiyo maana hata baadhi ya ofisi zenye leseni ukutani zinatoza mara mbili ya kikomo bila kuvunja, kwa maandishi, hata herufi moja ya agizo lenu.

Anzeni na kadi ya marejesho. Ni kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa katikati, kina vyumba 30 vya tarehe, kiasi na sahihi ya afisa mikopo. Chukueni mkopo wa kawaida wa mtaani: Sh 200,000 kwa siku 30. Mkopaji anatajiwa riba ya asilimia 20. Kabla hajakabidhiwa fedha anakatwa Sh 20,000 ya fomu na uchakataji, kwa hiyo anaondoka na Sh 180,000. Rejesho ni Sh 8,000 kila siku kuanzia kesho yake. Mwezi ukiisha amelipa Sh 240,000.

Afisa atasema gharama ni Sh 40,000. Gharama ni Sh 60,000, maana ile 20,000 ya mwanzo mkopaji hakuitumia hata kwa saa moja na bado anairudisha. Na hata hiyo 60,000 haijasema yote, kwa sababu hakukaa na ile 180,000 mwezi mzima. Siku ya 15 ameshalipa 120,000. Hesabu ikipigwa juu ya salio, siku kwa siku, gharama inatoka karibu asilimia 2 kwa siku, yaani kama asilimia 59 kwa mwezi, na hapo hatujaweka riba juu ya riba. Kikomo chenu cha mwezi mzima kinamalizika kabla jua la siku ya pili halijazama. Mwenye hati ya nyumba anakopa benki kwa karibu asilimia 15 kwa mwaka. Muuza nyanya analipa kiasi hicho kwa siku nane.

Mkopo huohuo ukitolewa wote mkononi, Sh 200,000 kamili, na kutozwa asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya salio, rejesho la siku lingekuwa Sh 6,788 na jumla yote isingefika Sh 204,000. Wapeni maofisa wenu wa ukaguzi kikokotoo na kadi hizi mbili, waziweke sambamba. Hawahitaji semina.

Sasa njooni kwa wenye leseni, maana huko ndiko mkono wenu unakofika. Mtu anakopa Sh 600,000 kwa miezi sita. Mkataba umeandika asilimia 3.5 kwa mwezi, sawasawa na agizo. Lakini riba imepigwa juu ya mkopo wa mwanzo mwezi hadi mwezi, kana kwamba hakuna kilicholipwa: 21,000 mara sita, Sh 126,000. Rejesho la mwezi ni Sh 121,000. Ingepigwa juu ya salio linalopungua, rejesho lingekuwa Sh 112,600 na riba yote Sh 75,600. Tofauti ni zaidi ya Sh 50,000, na imetokana na namna ya kupiga hesabu tu. Kwa kipimo cha salio, hiyo 3.5 ni 5.7.

Hapo hatujagusa makato. Tuseme ada ya uchakataji asilimia 3, bima ya mkopo asilimia 1, fomu Sh 10,000. Zinakatwa Sh 34,000 mlangoni na mkopaji anabaki na Sh 566,000, huku rejesho likiwa lilelile la 121,000. Gharama imefika asilimia 7.6 kwa mwezi. Wapo wanaoongeza kile wanachokiita akiba ya dhamana: asilimia 10 ya mkopo, Sh 60,000, inazuiwa ofisini hadi deni liishe. Sasa mkononi zimebaki Sh 506,000, na hata kama akiba hiyo itarudishwa yote mwishoni, gharama imegusa asilimia 9 kwa mwezi. Tena daraja la pili halikupewa ruhusa ya kupokea amana. Fedha inayozuiwa kwa miezi sita bila faida, kwenye ofisi isiyoruhusiwa kushika akiba za watu, tunaomba mtuambie ni kitu gani kama si amana.

Kwa hiyo ombi la kwanza, na hili ndilo zito kuliko yote: badilini kinachopimwa. Kikomo kiwe cha gharama yote, yaani tofauti kati ya shilingi zilizoingia mkononi mwa mkopaji na shilingi zitakazomtoka, ikipimwa kwa mwezi juu ya salio. Riba, fomu, uchakataji, bima, ada ya usimamizi, ujumbe wa simu, vyote viingie humo. Fedha inayozuiwa ihesabiwe kuwa haikukopeshwa. Mkishafanya hivyo, jina la ada halitakuwa na kazi tena. Waite watakavyo, shilingi itahesabiwa.

Hapa tuseme ukweli unaowaumiza wakopeshaji waaminifu. Asilimia 3.5 kwenye mkopo wa Sh 200,000 wa mwezi mmoja, kwa marejesho ya kila siku, ni kama Sh 3,600. Fedha hiyo haimlipi afisa anayezunguka sokoni siku 30, haifidii mkopaji mmoja katika kumi anayetoroka, haitoshi hata karatasi na umeme. Mkishikilia 3.5 kwa mikopo yote, midogo na mikubwa, moja kati ya mawili litatokea: ama mkopeshaji ataficha gharama, ama ataacha mikopo midogo na kuwaachia wasio na leseni. Yote mawili tunayaona sasa. Ruhusuni ada moja ya kufungulia mkopo kwa mikopo midogo, tuseme iliyo chini ya Sh 500,000. Iwe kiasi cha shilingi kinachojulikana nchi nzima, itozwe mara moja tu, na isitozwe tena mkopo unapoongezwa muda. Baada ya hapo kikomo cha gharama kishike. Kiasi chenyewe kipangwe kwa kukagua vitabu vya wakopeshaji. Msikipange kwa kuwasikiliza kwenye mikutano ya wadau, huko kila mtu ana hasara.

Pamoja na hilo, wekeni ukuta wa mwisho: deni lisizae zaidi ya lenyewe. Kenya wanayo kanuni hiyo kwenye sheria yao ya benki tangu 2007: mkopo ukishakuwa chechefu, yaani haulipwi kama ilivyopangwa, riba inayoongezeka haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku ulipoanza kuchechemea. Kwetu mkopo wa Sh 200,000 wenye faini ya Sh 5,000 kwa kila siku ya kuchelewa unajizaa mara mbili kwa siku 40, na hakuna pa kuusimamishia.

Ombi la pili ni karatasi. Kila mkopo uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye tarakimu tano tu, kwa herufi kubwa: fedha utakayoondoka nayo leo, rejesho moja ni kiasi gani, marejesho ni mangapi, jumla utakayolipa, na gharama kwa mwezi juu ya salio. Utiwe sahihi kabla ya mkataba, na nakala ibaki kwa mkopaji. Nakala ndiyo shida kubwa. Mikataba mingi tunayoletewa ni picha za simu zilizopigwa harakaharaka juu ya meza ya ofisi, kona moja haionekani, maana mkopaji hakupewa chake. Mkopo usio na nakala kwa mkopaji utamkwe kuwa haudaiki zaidi ya fedha iliyotolewa. Sharti hilo moja litafanya kazi kuliko mabango elfu ya elimu kwa umma.

Tunajua mtauliza: kwani wanalazimishwa? Hakuna anayelazimishwa kwa fimbo. Lakini angalieni tarehe za kwenye kadi. Mikopo inajaa Januari, shule zinapofunguliwa: sare, madaftari, viatu, michango. Inajaa kodi ya nyumba inapoisha, kwa sababu wenye nyumba wengi mijini bado wanadai miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Chumba cha Sh 50,000 kwa mwezi kinageuka Sh 300,000 kwa siku moja kwa mtu ambaye hajawahi kushika kiasi hicho kwa pamoja. Inakuja msiba unapotokea, au mtoto anapolazwa. Benki inataka namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa na dhamana yenye hati. Kausha damu anataka kitambulisho, picha ya friji na nusu saa.

Na hesabu ya nyumba ndiyo inayoonyesha kwa nini mkopo huu haulipiki. Chukueni genge la mboga lenye mtaji wa Sh 150,000. Tuseme siku ya kawaida linaingiza faida ya Sh 12,000. Chakula cha nyumbani 7,000, nauli, ushuru na maji 2,000, inabaki 3,000. Mama huyu amekopa ile 180,000 na kuimalizia kwenye kodi ya nyumba, kwa hiyo haikuongeza hata fungu moja la mchicha mezani. Rejesho ni 8,000. Kila siku 5,000 inatoka kwenye mtaji, na 5,000 mara 30 ni 150,000 kamili. Siku anayomaliza deni ndiyo siku ambayo genge limekwisha. Kwa kweli linakwisha mapema zaidi, maana mtaji ukipungua na faida inapungua. Wiki ya tatu tayari ananunua nusu gunia badala ya gunia, kwa bei ya juu zaidi kwa kilo. Hapo ndipo anapochukua mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Mtu mwenye kadi tatu za marejesho kwenye pochi hajashindwa kupanga maisha. Rejesho lilipangwa bila kuuliza faida yake ya siku.

Kwa sababu hiyo tunaomba mkopeshaji alazimike kuandika, kwenye ukurasa uleule, kipato cha siku au mwezi alichotajiwa na mkopaji, na rejesho lisizidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya matumizi ya nyumbani. Kwa mkopo wa biashara, kuwe na angalau siku saba kabla ya rejesho la kwanza. Mzigo wa mitumba au wa dagaa hauuziki usiku mmoja.

Kwa watumishi wa umma mambo yanaharibika kwa njia nyingine, na Waziri wa Utumishi anaijua. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa umma ni Sh 500,000. Kanuni inasema makato yote yakishaondoka, theluthi ya mshahara ibaki: hapa ni Sh 166,700 hivi. Kwa hesabu ya kawaida, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma (PSSSF) asilimia 5 ni 25,000, bima ya afya asilimia 3 ni 15,000, chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 10,000, kodi ya mapato 16,400. Jumla 66,400. Kwa hiyo mkopo unaopita kwenye mfumo wa mishahara una nafasi ya karibu Sh 267,000 kwa mwezi, kisha mfumo unafunga mlango. Mlango huo ni mzuri na tunaushukuru.

Tatizo ni dirisha. Mkopeshaji wa mtaani hapiti kwenye mfumo. Anachukua kadi ya benki ya mwalimu au muuguzi pamoja na namba yake ya siri, anaiweka kwenye droo yenye kadi nyingine nyingi, kila moja imeviringishiwa karatasi yenye jina na namba. Usiku wa mshahara mtu mmoja anasimama kwenye mashine ya kutolea fedha na bunda la kadi mkononi, anaingiza moja, anatoa fedha, anaingiza nyingine. Ile theluthi ambayo serikali iliilinda hadi tarehe ya mshahara inaondoka saa saba usiku, mwenye nayo amelala. Wastaafu wanafanyiwa hivyohivyo kwenye pensheni.

Kuchukua kadi ya mteja mmeshakukataza kwa maneno. Sasa kukatazeni kwa mashine. Benki zinaona: kadi kumi na tano za watu kumi na watano wasiohusiana zikitumika mfululizo kwenye mashine moja, ndani ya dakika chache, mwezi hadi mwezi, si jambo la kutafuta kwa tochi. Iagizeni kila benki itoe taarifa ya mfululizo wa namna hiyo, na impigie mwenye kadi kumwambia ana haki ya kupewa kadi mpya na namba mpya bila gharama. Mtumishi aliyetoa kadi asiadhibiwe. Mkimtisha ataficha, na droo itabaki ilivyo.

Kisha kuna vitu vya ndani. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai inakataza kukamata vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na nguo za lazima za mdaiwa na familia yake. Ni katazo juu ya hukumu ya mahakama, mbele ya hakimu, baada ya kesi. Afisa mikopo na vijana wake wawili wa pikipiki wanabeba godoro, jiko la gesi na sufuria kwa karatasi iliyotiwa sahihi siku ya kukopa. Mahakama haina mamlaka hayo. Wao wameyapata wapi?

Jibu linahusu TAMISEMI. Fomu nyingi za mkopo zina sehemu ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuthibitisha makazi, na chini yake orodha ya mali: televisheni inchi fulani, friji, makochi, cherehani. Mwenyekiti anagonga muhuri, wakati mwingine kwa ada isiyo na risiti. Siku ya kuchukua vitu, muhuri uleule unaonyeshwa majirani kama kibali cha serikali. Toeni waraka mmoja: mwenyekiti au mtendaji asigonge muhuri kwenye fomu ya mkopo isiyo na namba ya leseni ya mkopeshaji aliyoihakiki kwenye orodha ya Benki Kuu; asigonge kwenye orodha yenye kitanda, godoro, vyombo vya kupikia au vifaa vya kazi vya fundi; na asishuhudie uchukuaji wa mali bila amri ya mahakama na dalali wa mahakama mwenye kitambulisho. Orodha ya wenye leseni ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na irudiwe kila robo mwaka. Wengi hawataifungua kwenye tovuti.

Tena wakurugenzi, leseni ya biashara ya halmashauri na cheti cha BRELA cha kusajili kampuni au jina la biashara si leseni ya kukopesha. Mtaani zinabandikwa ukutani kama vile ndizo, na mkopaji akiona nembo ya taifa anatulia. Afisa biashara anayetoa leseni kwa ofisi ya fedha aombe kwanza leseni ya Benki Kuu. Hilo linawezekana kesho asubuhi bila bajeti.

Mikopo ya kwenye simu mlishaichukulia hatua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina 69 ya majukwaa na programu za kukopesha zisizo na leseni. Ilikuwa hatua nzuri, ila jina la programu ni kitu rahisi kubadilisha. Ikifungwa moja, ileile inarudi kwa rangi na jina jingine. Mbinu haibadiliki: unaomba 100,000, inaingia 65,000 au 70,000, siku 90 zilizotangazwa zinageuka siku saba, na siku ya nane namba zote kwenye simu yako, za shemeji, mwajiri na mchungaji, zinapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Programu ilishayachukua majina hayo ulipobonyeza "ruhusu".

Msiifukuze programu, fungeni njia ya fedha. Haiwezi kutoa wala kupokea mkopo bila namba ya malipo au akaunti ya kutolea fedha kwa wengi kwenye mitandao ya simu, na watoa huduma hao wote wako chini yenu kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Agizeni kwamba namba ya biashara inayotoa na kupokea mikopo isifunguliwe bila namba ya leseni ya kukopesha, na zilizopo zihakikiwe ndani ya siku 60. Namba ikiripotiwa na wakopaji, fedha inayoingia izuiwe kwanza, maswali yafuate. Kuhusu majina ya ndugu yaliyochukuliwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na Tume yake ipo. Benki Kuu na Tume zikubaliane malalamiko yapokelewe mahali pamoja, mkopaji asirushwe huku na huko.

Na malalamiko yapokelewe karibu. Benki Kuu ina ofisi Dodoma, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Mkopaji wa Kigoma, Sumbawanga au Songea anayechukuliwa cherehani ya Sh 250,000 hatapanda basi kwenda kulalamika. Afisa maendeleo ya jamii wa kata apewe fomu moja ya malalamiko na namna ya kuituma, na jibu la awali litoke ndani ya siku 14, kabla cherehani haijauzwa.

Kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, hatuna mengi. Haina riba, na hilo peke yake linaifanya kuwa mkopo bora nchini kwa anayeupata. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu zilizoeleweka, ikarejea 2024. Tunachoomba ni kalenda. Fedha ikitoka Machi, ada na sare za Januari zilishakopewa kausha damu. Kila halmashauri itangaze tarehe za kupokea maombi, za kujibu na za kutoa fedha, na ianze kutoa Novemba.

Tunaomba pia msitupime vikundi kwa rula ileile. Kikoba kinaweza kutoza wanachama wake asilimia 5 au hata 10 kwa mwezi, na kwa macho ya mkaguzi kikaonekana kausha damu mdogo. Riba ile hairudi kwa mtu mmoja. Inarudi kwa walewale waliokopa, siku ya kugawana, kwa hisa zao. Vikundi vina maradhi mengine: sanduku lenye funguo tatu ambazo zote zinakaa kwa mweka hazina, mkopo wa mwenyekiti usioandikwa, na fedha ya mwaka mzima kulala nyumbani kwa mtu wiki mbili kabla ya mgawanyo. Hayo yanatibika kwa akaunti ya benki au ya simu yenye watia sahihi watatu, na kwa kusoma salio mbele ya wanachama wote kila kikao. Usajili wa daraja la nne, ambalo ndilo la vikundi kama vyetu, ungeshika zaidi kama halmashauri ingetuma mtu wa kukagua vitabu mara moja kwa mwaka, hata kwa nusu siku.

Mwisho, waajiri. Sehemu ya mikopo hii ni mishahara iliyochelewa. Mlinzi au mwalimu wa shule binafsi anayelipwa tarehe 12 badala ya 30 anakopa siku 12 kila mwezi, kwa bei tuliyoionyesha juu. Mkaguzi wa kazi anayeingia kwenye kampuni kuangalia kama kima cha chini kinafuatwa aombe pia tarehe za malipo za miezi sita kutoka benki, siyo zile za kwenye daftari la mhasibu. Na halmashauri zenyewe zilipe madai ya uhamisho na likizo ya watumishi wao, maana baadhi ya kadi zilizo kwenye ile droo zilifika huko zikisubiri fedha ya serikali.

Tuko tayari kuleta kadi za marejesho na mikataba, majina yakiwa yamefutwa, pamoja na hesabu ya kila mmoja, kwa afisa yeyote mtakayemteua. Tunaomba ateuliwe kabla ya Novemba, ili ukurasa wa tarakimu tano uwe umeanza kutumika kabla ya mikopo ya Januari.

Wenu,
Watunza vitabu wa vikundi vya kuweka na kukopa